Wote 14 tuko salama

Ndugu zangu, nimezungumza na kila mmoja wetu aliye safarini. Wote 14 tuko salama.

Kwa mliobaki nyumbani: jana jioni mtu mwenye kisu alishambulia abiria ovyo kwenye kituo cha treni tulichoondoka dakika kama kumi tu kabla. Tulikuwa tumesimama palepale, karibu na ngazi. Baadhi yetu walitaka tusubiri treni inayofuata ili tupate viti. Hilo halinitoki kichwani. Waliojeruhiwa ni wasafiri kama sisi, tuwaombee.

Ile video ya shambulio msiisambaze, nawasihi. Ndugu wa majeruhi anaweza kuiona kabla hajapewa habari. Na wewe pia usiirudierudie, itakuumiza zaidi.

Kama hukupata usingizi, unashtuka mlango ukigongwa, au unajilaumu kwa kuwa ulinusurika, hujapungukiwa na kitu. Ndivyo mwili unavyoitikia hofu, na kwa wengi hali hutulia baada ya siku au wiki kadhaa. Ikipita mwezi bado iko, tutamtafuta mtaalamu wa afya ya akili, nami nitakusindikiza.

Leo tutembee wawiliwawili, simu zikiwa na chaji. Mtandao ukielemewa, tumia ujumbe mfupi wa kawaida. Mara nyingi hupita hata simu zinapogoma.

Anayetaka kurudi mapema aniandikie pembeni kabla ya saa sita mchana. Hataulizwa sababu.