Mguu wa baba

Shoga yangu,

Uhali gani? Juzi kwenye simu uliniuliza baba anaendeleaje nikakujibu tu mzima, halafu nikakaa nikaona nimekudanganya, ndo maana naandika. Mzima ni mzima ila ule mguu wa kushoto unamsumbua sana tangu mvua zianze na kutulia nyumbani hataki.

Unalikumbuka lile kovu si ndio? Akikunja suruali aingie kwenye migomba linaonekana juu ya goti, ngozi yake laini inang'aa, pembeni kuna kitu kigumu kama kokoto, ukikibonyeza kinahama. Ni chuma kile. Vipande vingine walivitoa hicho wakakiacha. Mwanangu mdogo anapenda kukitafuta kwa kidole na babu yake anamwachia tu, anamwambia "hiki nimetoka nacho Lukaya."

Nimeishi na mguu ule maisha yangu yote na juzi ndo nimemuuliza vizuri. Alikua mgambo tu, kijana wa miaka 22, pale majeshi ya Amin yalipoingia mwisho wa Oktoba 1978 yakabomoa na daraja la Kyaka, watu wa ng'ambo ya mto wakakimbia wakaacha ng'ombe na migomba yao. Akamsikia Mwalimu redioni, sababu za kumpiga tunazo, uwezo tunao na nia tunayo, akaenda kujiandikisha bila kumuaga mama yake. Wakavuka mpaka pale Mutukula wakaingia Uganda, wakapita Masaka mpaka Lukaya, Machi 1979, barabara imekatiza kwenye kinamasi na mbele wapo na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, maroketi yanapita juu ya vichwa, na brigedi yao ya 201 ilikua na mgambo wengi ambao mlio ule hawajawahi kuusikia. "Tulikimbia mwanangu." Kasema hivyohivyo, ananitazama usoni. Usiku wakapangwa upya, alfajiri wakarudi palepale huku brigedi nyingine imezunguka inatokea nyuma ya adui, na kwenye kule kurudi ndo akaumia. Kampala inakombolewa Aprili 11 yeye yuko kitandani hospitali, anasikiliza redio ya mgonjwa wa jirani.

Mwenzangu, kinachoniuma mimi ni lile faili lake la kudai haki yake ya vitani. Ofisi moja imemzungusha miaka na miaka, njoo kesho, faili halionekani, anapanda basi na mguu ule anarudi mikono mitupu. Mimi nalia yeye ananishangaa, anasema nchi ni hawa majirani, huwezi kuwasusia kwa sababu ya karani mmoja. Na hajawahi kuwasusia kweli. Amekua mwenyekiti wa kitongoji miaka mingi, na lile tetemeko la Septemba 2016 nyumba zilipoanguka alitembea na mkongojo mlango kwa mlango siku tatu, daftari kwapani, anaandika nani ukuta umeanguka, nani ana mgonjwa, nani kalala nje na watoto. Daftari lile ninalo, mwandiko wa siku ya tatu umepinda hausomeki vizuri, nadhani kwa maumivu.

Kila Julai anaenda Kaboya walikozikwa wenzake. Safari hii nilimsindikiza. Hakusema kitu, alivua kofia akasimama juani mpaka nikaogopa ataanguka.

Uchaguzi wa mitaa wa 2024 alisema hagombei tena, nikashukuru Mungu, kumbe wamemuweka kwenye kamati ya kujenga vyoo vya shule. Leo katoka saa moja asubuhi mvua inanyesha, anasema mafundi wasiposimamiwa wanapunja saruji na watakaoingia mle ni watoto wa watu.

Ukija Desemba naomba umletee mkongojo wenye mpira mzuri chini, wake umelika unateleza kwenye matope. Urefu ni kama wa bega langu.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mimi shoga yako