Zaituni, sikumtukana mbunge

Mwanga, Kigoma
Jumapili, 11 Mei 2025

Ndugu yangu Zaituni,

Salaam nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, mwanao Shukuru ameshapona na amerudi shule. Pesa ya mzigo wa mwezi uliopita niliipata yote, ahsante sana. Natumaini shemeji naye mguu umepoa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema watu waliotoka huku na treni wamekwambia nimemtukana mbunge wetu mkutanoni, hadi diwani akanikalisha chini. Nilitaka kukupigia siku ileile, nikaona jambo lenyewe ni refu na simu ingekatika kabla sijalimaliza. Mwezi sasa unang'aa usiku, taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo hawaingii ziwani, na pale mwaloni Kibirizi, tunapopokelea mzigo, hakuna cha kuanika, kwa hiyo nina usiku mzima wa kukuandikia.

Sikumtukana. Nilinyoosha mkono kama wengine, nikapewa kipaza sauti, nikamwamkia, nikataja jina langu na mtaa wangu. Kisha nikauliza: "Mheshimiwa, mwaka 2021 Muswada wa Sheria ya Fedha wenye tozo za simu ulipofika mwisho, wewe ulisema Ndiyo au ulisema Siyo?" Basi, hilo tu. Akatabasamu, akanijibu, "Mama yangu, kwenye tozo mimi niliwasemea sana, na nyote mnajua." Watu wakapiga makofi. Nikasema, "Najua ulisema, Mheshimiwa, nauliza ulivyoamua." Hapo ndipo diwani akanionyesha kwa mkono nikae, na kipaza sauti kikaenda kwa mzee mmoja aliyeuliza habari za bomba la maji.

Na kweli alitusemea. Agosti ile ya 2021 nilikuwepo mwenyewe. Unakumbuka tulivyoumia mimi na wewe? Tozo ya kutuma na kutoa pesa kwa simu ilianza tarehe 15 Julai, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja kutegemea ukubwa wa pesa, tena juu ya makato ya kawaida ya kampuni za simu. Wewe unanitumia pesa ya dagaa, mimi nawatumia wavuvi pesa ya mafuta ya injini na betri za taa, na kila hatua inakatwa. Tulifikia kuwapa watu wa treni noti wazibebe kwenye bahasha, biashara ya wasiwasi mtupu. Mbunge alipokuja akasimama juu ya gari akasema tozo hii ni mzigo kwa mnyonge na yeye hakubaliani nayo, nilimpigia makofi hadi viganja vikawaka. Septemba Serikali ikapunguza kwa asilimia 30. Miaka minne nimekaa na imani kwamba mtu wetu alikuwa upande wetu.

Sasa nikueleze nilivyofika kwenye lile swali.

Mwaka jana ziwa lilipofungwa, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, nchi zote nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika zilikubaliana kupumzisha samaki. Sibishani na hilo, dagaa walikuwa wamepungua na sisi tunaoanika ndio tulioona kwanza. Lakini miezi mitatu bila mzigo ni mingi. Nikataka kujua mbunge wetu alisema nini Dodoma kuhusu wanaoishi kwa mwalo. Shukuru akaingia kwenye tovuti ya Bunge, akanionyesha kwamba kila kikao kina kitabu chake, Taarifa Rasmi, ile wanayoiita Hansard. Siku moja inaweza kuwa kurasa zaidi ya mia mbili. Kila neno la kila mbunge limo, hata (Makofi) na (Kicheko) wameviandika kwenye mabano. Nilifurahi, Zaituni, sikudhani kitu kama hicho kipo wazi kwa mtu kama mimi na wewe.

Nikachukua kaunta buku ninayoandikia madeni, nikaigeuza nyuma, nikapiga mstari katikati. Upande wa kushoto nikaandika "Alichosema". Upande wa kulia, "Alivyoamua". Nikaanza kusoma kila mahali jina lake lilipotokea.

Upande wa kushoto ulijaa haraka. Mbunge wetu anasema vizuri, sitamnyima haki yake. Barabara, zahanati, umeme, meli, wakimbizi, bei ya vifaa vya uvuvi, vyote kavitaja, vingine mara tano au sita. Ila nilijifunza kitu ambacho sikuwahi kukisikia redioni, kwa sababu redio hukata kipande kitamu tu. Karibu kila mchango wake huanza au huishia na "naunga mkono hoja". Anaweza kueleza kwa uchungu jinsi wizara ilivyotusahau, maneno ya kutoa machozi, halafu kengele inalia, anasema naunga mkono hoja asilimia mia moja, anakaa.

Na kuna habari ya shilingi. Mbunge asiporidhika na jibu la Waziri wakati wa makadirio ya wizara, anaweza kusema anatoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri, ili jambo lijadiliwe na liamuliwe. Ni silaha halali kabisa. Wa kwetu alisema atashika shilingi kwa ajili ya wavuvi waliofungiwa ziwa. Nilikaa wima kitandani niliposoma. Nikafunua ukurasa, nikafunua mwingine, Waziri akasimama, akasema Serikali imelipokea na italifanyia kazi. Mbunge wetu akashukuru, akarudisha shilingi. Nusu ukurasa, likaisha. Sikuona mahali aliporudi kuuliza limefanyiwa kazi vipi.

Upande wa kulia ndio ulioninyima usingizi, kwa maana ulibaki mweupe.

Nikafikiri sijui kutafuta, nikamsumbua Shukuru, tukarudi mwaka 2021 ambao mimi nilikuwa na hakika nao. Juni ile Bunge lilipitisha bajeti ya shilingi trilioni 36, na kura ya bajeti kuu hupigwa kwa kuita majina, mbunge mmoja mmoja anasimama anajibu. Jina lake tukalikuta. Ndiyo. Nikaliandika. Halafu Shukuru akaniambia, "Mama, tozo haikuwa kwenye kura hii." Tozo ilikuja ndani ya Muswada wa Sheria ya Fedha, ule unaokuja baada ya bajeti, uliorekebisha sheria ya mifumo ya malipo. Na muswada hauitiwi majina. Unapita kwenye Kamati ya Bunge Zima, kifungu baada ya kifungu, halafu anayeongoza kikao anawahoji: wanaoafiki waseme Ndiyo, wasioafiki waseme Siyo. Anasikiliza sauti, anasema nafikiri walioafiki wameshinda. Kitabu kinaandika kwenye mabano: (Hoja ilitolewa iamuliwe), (Hoja iliamuliwa na kuafikiwa). Mstari mmoja. Ukumbi wenye wabunge zaidi ya mia tatu, na hakuna jina hata moja.

Kwa hiyo, Zaituni, (Makofi) yameandikwa na Ndiyo ya mbunge wangu haikuandikwa. Naweza kujua Jumatano fulani watu walichekea neno gani, lakini siwezi kujua nani aliidhinisha pesa yangu ikatwe. Labda alisema Siyo. Labda alikuwa nje anapokea simu. Labda alisema Ndiyo kwa sauti kubwa kuliko wote, na akaja kwetu mwezi wa nane akapanda juu ya gari. Vyote vitatu vinawezekana na karatasi haitaniambia ni kipi. Ndiyo maana niliamua kumuuliza mwenyewe.

Nimemsikia shemeji nyuma ya sauti yako akisema mbunge asilaumiwe kwa kura, chama ndicho kinachoamua. Mwambie nimelifikiria sana. Anasema kweli kwa sehemu kubwa. Katiba, ibara ya 71, inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza ubunge. Na ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Kwa hiyo kura ya bajeti si nyepesi, na sitamwita mtu msaliti kwa sababu ya Ndiyo ya bajeti. Angeniambia tu: mama, nilisema Ndiyo, chama kilitaka hivyo, au nilisema Ndiyo kwa sababu fedha zile zingejenga madarasa. Ningekaa chini nikiwa nimeheshimiwa. Lakini ameniambia "niliwasemea", kana kwamba nilimpeleka Dodoma akanisemee tu na si akaniamulie.

Shemeji kama mtu wa Urambo, huko Tabora, atakumbuka ubishi wa Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014, lililokuwa chini ya marehemu Samuel Sitta, mbunge wenu. Wiki kwa wiki walivutana kura iwe ya wazi au ya siri. Wa siri walisema mjumbe awe huru na chama chake, wa wazi walisema mwananchi aone. Mwisho wakakubaliana kila mmoja achague mwenyewe. Wakati ule mimi nilikuwa wa siri, nakumbuka nilibishana na marehemu kaka yangu hapa barazani. Leo nimebadilika. Kura ya siri ni yangu mimi mpiga kura, kwa sababu simwakilishi mtu. Yeye anayeamua kwa niaba yangu, siri yake inanificha mimi kwanza kabla ya kukificha chama.

Na hapa kwetu Kigoma tuliwahi kuona jina likifanya kazi. Aprili 2012, Zitto Kabwe akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alikusanya saini za wabunge za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Katiba inataka asilimia 20 ya wabunge wote watie saini. Akapata zaidi ya 70, wengi wa upinzani, lakini Deo Filikunjombe wa CCM naye akaweka jina lake. Hoja yenyewe haikufika kupigiwa kura, Spika Makinda alisema taarifa ilipaswa kutolewa siku 14 kabla. Lakini majina yalishatoka, na Mei Rais Kikwete akapanga upya baraza la mawaziri, baadhi wakaachwa. Sikumbushi haya kwa mapenzi ya chama, unanijua sina kadi ya mtu. Nakumbusha kwa sababu watu walikuwa wanaulizana mitaani, wako katia saini? Wa kwetu katia? Swali lilikuwa na jibu.

Diwani alikuja nyumbani siku mbili baadaye, kwa upole, nisimfiche mema yake. Akasema mheshimiwa hakukasirika ila wasaidizi wake wameona nina mtu nyuma yangu, mwaka huu wa uchaguzi. Nikamletea kaunta buku. Nikamwonyesha upande wa kushoto, akasoma, akasema mbona umeandika mazuri mengi hivi. Nikamwambia ni yake, aliyasema. Nikamwonyesha upande wa kulia. Alikaa kimya muda mrefu, akaniuliza, hata sisi kwenye baraza la madiwani huwa hatuandiki nani kakubali, unajua? Nikamwambia sikujua. Akaondoka bila kunywa chai.

Tangu hapo wanawake wawili wa pale mwaloni wameniomba niwasomee. Tumekubaliana tusiulize tena mkutanoni, pale makofi yanameza swali. Tumeandika barua kwa ofisi ya mbunge, ukurasa mmoja, tukiomba mambo mawili. La kwanza, atuandikie alisema Ndiyo au Siyo kwenye muswada ule wa 2021. La pili, na hili ndilo ninalolitaka zaidi, atakayepewa jimbo Oktoba, awe yeye au mwingine, aende kuomba kanuni zibadilishwe ili miswada inayogusa kodi na tozo iitiwe majina kama bajeti. Kubadilisha Katiba kunahitaji theluthi mbili. Hili ni la Kanuni za Bunge, wanazitunga wenyewe na wanaweza kuzirekebisha wenyewe. Barua tumeipeleka kwa mkono Ijumaa na tumegongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu.

Nakuomba nawe ufanye hukohuko Tabora. Mbunge wako namsikia anasimama sana kwa ajili ya wakulima wa tumbaku. Mtafute kwenye Hansard, uone anasimama na kukaa vipi. Ukishindwa kufungua, mtoto wa jirani yako yule anayesoma Ualimu atakusaidia.

Mzigo wako utatoka Jumanne na treni, magunia manne, dagaa wakavu safi wa giza lililopita, hawana mchanga. Kwenye gunia lenye uzi mwekundu, juu kabisa, nimeweka mfuko wa nailoni. Ndani mna nakala ya barua yetu yenye muhuri na kurasa tatu za ile siku ya shilingi. Utoe kabla hujamwaga dagaa, usishike mafuta.

Wasalimie wote, na shemeji mwambie nasubiri jibu lake.

Ni mimi ndugu yako,
Mama Shukuru