Huyo mnayemwita mvivu anaogopa kuonekana mjinga

Ndugu Mhariri,

Muhula huu wazazi kibao hapa Busia, Uganda, wameitwa shule juu ya watoto wasiomaliza homuweki, na kwenye ripoti ni yale yale, mvivu, hasikii, mchezo mwingi. Mimi nafundisha P3, yaani darasa la tatu la msingi, na nasema wazi kwamba baadhi ya hawa watoto wana ile shida ya umakini madaktari wanaita ADHD, na huo uvivu tunaouona ni kujikinga tu.

Nina kijana mmoja darasani, kabla sijamaliza kuandika hesabu ubaoni ncha ya penseli imeshavunjika, akichonga inavunjika tena, mara anaomba ruhusa ya choo, akirudi anamchekesha jirani yake mpaka kengele inalia na daftari halina kitu. Lakini nikikaa naye tukafanya namba ya kwanza pamoja, ya pili na ya tatu anazipata mwenyewe, kwa hiyo akili anayo! Shida ameshakosolewa sana kwa kusahau na kuruka mistari, sasa kwake afadhali aambiwe hukufanya kuliko umefanya ukafeli. Hata watu wazima wako hivyo, mwaka 1978 Steven Berglas na Edward Jones huko Marekani walionyesha wanafunzi wa chuo wasio na uhakika wa kufaulu tena wanajitafutia kizuizi mapema, ili wakianguka lawama iende huko.

Na sisi tunazidisha. Maksi zinasomwa kwa sauti kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na wengine bado wanashika kiboko wakati sheria ya watoto ilivyorekebishwa 2016 imekataza kuchapa shuleni. Ukimchapa kwa daftari tupu, kesho daftari lenyewe litakuwa limepotea.

Najua madarasa ya UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, yamejaa, lakini kumpa namba tatu badala ya kumi na kumsahihishia palepale bila kelele hakuhitaji pesa. Wazazi nanyi, akisema amesahau kitabu muulizeni kwanza ni wapi palimshinda. Na kama shida iko nyumbani na shuleni, tena tangu mdogo, mpelekeni hospitali, wawaelekeze pa kupimwa.

Walimu wakuu nawaomba, mitihani ya mwisho wa muhula ikisahihishwa kila mtoto apewe karatasi yake mkononi, maksi zisisomwe mbele ya wenzake.

Mwalimu wa P3,
Busia