YAH: Muhtasari wa siri wa jopo la watahini kutumwa kwa mtahiniwa, na jinsi mlivyotutendea tulipolalamika

Kwa Mkurugenzi,
Huduma kwa Wateja wa Vyuo Vikuu

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Jibu lenu la mwisho tumelipata, lile linalosema tiketi yetu ya malalamiko "imetatuliwa" na kutuomba tuipe huduma nyota. Nyota hatutoi. Hakuna kilichotatuliwa. Tunakuandikia wewe moja kwa moja kwa kuwa dawati lenu la msaada limekataa kuelewa jambo lenyewe, na kwa kuwa afisa wenu alimsomea mtahiniwa wetu kwa sauti, mbele ya mwenyekiti wa jopo, maneno ya siri ya watahini wake, eti kuonyesha kwamba programu yenu ya mikutano inafanya kazi vizuri. Hilo tutalirudia, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Sera zenu mnazijua, hatuna haja ya kuwanukulia. Mnakijua pia kifungu cha mkataba wetu cha kutoa taarifa siku 30 kabla ya kipengele kipya kuwashwa kwa wateja wa elimu. Pamoja na hayo, kipengele cha muhtasari wa mikutano kwa akili mnemba kiliwashwa kwa chuo kizima bila sisi wasimamizi wa mfumo kugusa chochote, tena katika msimu wa utetezi wa tasnifu.

Tuliponyanyua suala hili mara ya kwanza, mlitujibu kwamba "mteja hakuzima kipengele". Tafadhali someni hapa kwa makini. Katika paneli ya usimamizi tulikwishazima kurekodi na unukuzi wa sauti kwa idara zote za uzamili na uzamivu. Kizuizi hicho kimekaa kwenye huduma ya mikutano. Muhtasari ninyi mliusajili kama huduma mpya inayojitegemea, yenye swichi yake, na swichi hiyo haikurithi kizuizi cha zamani. Ilikuja ikiwa imewashwa. Isitoshe, msaidizi wenu wa akili mnemba hahitaji video ihifadhiwe: anasikiliza sauti, anaigeuza maandishi, anatunga muhtasari, kisha anayatupa maandishi. Kwa hiyo msimamizi wa mfumo anayefungua ukurasa wa rekodi anaona neno "imezimwa" na kuondoka akiamini yuko salama. Mteja atazimaje kitu ambacho hajaambiwa kipo, na ambacho ukurasa anaoujua unamwambia hakipo?

Madhara yake kwenye utetezi wa tasnifu yalikuwa dhahiri kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye jopo. Mtahiniwa anawasilisha, anaulizwa maswali, kisha anaombwa atoke ili jopo lijadiliane. Kutoka, katika mkutano wa mtandaoni, ni kurudishwa kwenye chumba cha kusubiri. Mkutano ni uleule, kiungo ni kilekile, na msaidizi anaendelea kusikiliza. Jopo likishaamua, mtahiniwa anaitwa tena na kuambiwa matokeo. Mkutano ukifungwa, baada ya dakika chache muhtasari unatumwa kwa kila jina lililo kwenye mwaliko wa kalenda. Kigezo chenu si nani alikuwemo wakati jambo linasemwa, ni nani alialikwa. Mtahiniwa lazima awe kwenye mwaliko, la sivyo angeingiaje kutetea kazi yake?

Na mlichomtumia si kiungo cha faili. Kingekuwa kiungo, tungeondoa ruhusa na mlango ukafungwa. Ninyi mlibandika muhtasari wote ndani ya barua pepe yenyewe. Tulifuta faili kwenye hifadhi ya mwandalizi wa mkutano. Nakala za barua zikabaki kwenye masanduku ya watu. Ndani ya chuo tuna uwezo wa kuzitafuta na kuziondoa, ila ile iliyokwisha kushuka kwenye simu imeshasomwa. Ya mtahini wa nje ndiyo mbaya zaidi: imekwenda kwenye anwani ya chuo kingine, kwenye seva zisizo zetu, na hakuna amri tunayoweza kuitoa ikaifikia.

Kuna kosa jingine ndani ya muhtasari huo ambalo dawati lenu halikutaka hata kulisikia. Programu yenu inamtambua msemaji kwa akaunti iliyoingia mkutanoni, haimtambui kwa sauti yake. Watu wawili wakikaa chumba kimoja na kutumia kompyuta moja, kila kinachosemwa kinaandikwa kwa jina la mwenye akaunti. Ndivyo ilivyokuwa. Mtahini wa ndani alikaa pamoja na msimamizi wa tasnifu, kompyuta ikiwa ya msimamizi. Maneno makali ya mtahini yakaandikwa kwa jina la msimamizi. Mtahiniwa akasoma kwamba mtu aliyemwongoza tangu andiko la utafiti ndiye aliyeidharau kazi yake. Msimamizi huyo katika kikao kizima alikuwa akimtetea.

Tuliomba mambo matatu, na kwa lugha ya heshima: swichi ya muhtasari izimwe kama chaguo-msingi kwa wateja wote wa elimu, muhtasari usitumwe kwa mtu yeyote kabla mwandalizi hajausoma na kuuidhinisha, na mtupatie kumbukumbu kamili ya nani alitumiwa, nani alifungua, na saa ngapi. Ya kwanza mlijibu kwa kutuma ukurasa wa msaada. Ya pili hamkuijibu. Ya tatu mkasema kumbukumbu "zinaweza kuchelewa". Zinaweza kuchelewa hadi lini? Mkataba wa uchakataji wa taarifa tuliosaini unawataka ninyi, kama mchakataji, mtujulishe bila kuchelewa mnapofahamu kwamba taarifa binafsi zimevuja. Sheria ya ulinzi wa taarifa ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018 na ambayo ninyi wenyewe mmeitaja katika mkataba huo, inampa mdhibiti wa taarifa, yaani sisi, saa 72 kuripoti kwa mamlaka tangu alipofahamu. Saa hizo zilikuwa zikitembea kwetu huku mkitutumia maelekezo ya jinsi ya kubadili lugha ya muhtasari.

Sasa kile kikao na afisa wenu.

Ninyi ndio mliomtaka mtahiniwa ahudhurie. Mlisema anahitajika afungue sanduku lake na kuthibitisha kwamba barua imeondolewa. Alikuja kwa nia njema, siku chache baada ya kusoma aliyoyasoma. Tulimweleza afisa kwamba lalamiko letu si ubora wa muhtasari, ni kwamba umemfikia mtu asiyestahili kuuona. Akasema, "Ngoja niwaonyeshe." Akashiriki skrini yake, akaufungua muhtasari uleule, ambao hatukumpa ruhusa ya kuufungua, akaanza kusoma kwa sauti aya ya majadiliano ya jopo. Mwenyekiti akamkatiza: mtahiniwa yumo humu ndani. Jibu la afisa lilikuwa kwamba mtahiniwa yumo kwenye mwaliko, hivyo mfumo unamtambua kuwa na haki ya kuona. Akaendelea kusoma mpaka mwisho wa aya, na jina la msimamizi likatajwa kama mwenye maneno. Hatutaiandika hapa sentensi yenyewe; imeshasomwa inatosha. Mtahiniwa alizima kamera. Afisa akauliza kama kuna swali lingine.

Ndugu Mkurugenzi, hata kama kila kitu kingine katika barua hii kingekuwa na maelezo, hilo halina. Ile ilikuwa aibu iliyofanywa na binadamu, akiwa na muhtasari mbele yake na akiwa ameshaambiwa aache.

Mambo hayakuishia hapo. Kikao hicho cha msaada mliitisha ninyi, kwa mfumo wenu, na msaidizi wenu alikuwa amewashwa. Kilipofungwa, muhtasari wa kikao ukatumwa kwa wote walioalikwa, na ndani yake sentensi ileile ya watahini ikiwa imenukuliwa kama "mfano uliojadiliwa". Mtahiniwa akaipata kwa maandishi mara ya pili. Tulipouliza dawati nani aliruhusu msaidizi kuwashwa kwenye kikao kinachojadili uvujaji wa msaidizi huyohuyo, tiketi ikafungwa.

Wakati huohuo sisi tunabeba mzigo wa kuwakinga watu wetu dhidi ya chombo tunachokilipia. Tumelazimika kuagiza idara zote ziandae mikutano miwili kwa kila utetezi: mmoja wa uwasilishaji, wenye mtahiniwa kwenye mwaliko, na mwingine wa jopo peke yake, wenye kiungo tofauti. Tumekataza mikutano inayojirudia kutumika kwa utetezi, kwa sababu msaidizi akiwashwa kwenye tukio moja anabaki amewashwa kwenye mfululizo wote. Tumezima swichi mpya katika ngazi ya juu kabisa ya chuo, kisha tukapita kitengo kimoja kimoja, maana kitengo chenye mpangilio wake binafsi hakifuati cha juu mpaka ubonyeze "rithi". Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 24 kuenea, kwa hiyo kila mwandalizi anaelekezwa kutazama alama ya msaidizi juu ya dirisha kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Na mgeni wa nje anaweza kuja na msaidizi wa chuo chake! Hilo swichi yetu hailigusi kabisa. Mwenyekiti inabidi amwone kwenye orodha ya washiriki na kumtoa kwa mkono.

Lahajedwali zenu nazo tutazitaja kwa ufupi, kwa kuwa zimeharibika kwa sasisho hilohilo. Faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu) ya alama za wanafunzi ikiingizwa, nambari ya usajili 0042317 inageuka 42317, na nambari inayozidi tarakimu 15 inapoteza tarakimu za mwisho zikawa sifuri. Kubadili safu kuwa maandishi baadaye hakurudishi kitu; ni lazima safu itangazwe kuwa maandishi kabla ya kuingiza, na hatua hiyo mmeiondoa kwenye dirisha la kuingizia. Tatizo la lahajedwali kujiamulia si geni kwa wanasayansi. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba imebadili majina kama MARCH1 na SEPT1 kwa sababu lahajedwali ziliyageuza kuwa tarehe. Sayansi ilibadili majina yake ili kuikwepa programu, na ninyi baada ya hayo yote mnaleta ugeuzaji wa kulazimisha usio na swichi ya kuuzima. Rudisheni ile hatua.

Yale matatu tuliyoyaomba hatuyaombi tena. Tunayadai, na yameongezeka.

Tunadai barua ya kuomba radhi kwa mtahiniwa, na nyingine kwa msimamizi wa tasnifu, zikiwa na sahihi yako, zikikiri bayana kwamba maneno yaliandikwa kwa jina la mtu asiyeyasema. Msitume ujumbe wa kiolezo. Tunadai muhtasari wa utetezi na ule wa kikao cha msaada ufutwe kwenye mifumo yenu yote, ikiwemo nakala rudufu na nakala yoyote iliyoingia kwenye data ya kuboreshea au kufunzia akili mnemba, na tupewe hati ya kuthibitisha ufutaji huo. Tunadai afisa yule asiguse tena akaunti ya chuo chetu, na tuelezwe kwa maandishi alipata wapi ruhusa ya kufungua maudhui ya mteja. Kama kila afisa wa dawati anaweza kusoma nyaraka zetu, tunataka kulijua hilo leo. Tunadai pia ada ya leseni kwa kipindi chote ambacho kipengele kilikuwa kimewashwa kinyume cha mkataba irudishwe. Mwanzoni hatukutaja fedha kabisa. Mliposoma ile aya mbele ya mtahiniwa mliibadilisha hesabu.

Mna siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila majibu ya kila dai, tutapeleka shauri kwenye mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi likiwa na picha za skrini, kumbukumbu za mfumo na mawasiliano yote ya tiketi, pamoja na maelezo ya mwenyekiti wa jopo kuhusu kikao kile. Tutavitaarifu vyuo tunavyonunua navyo leseni kwa pamoja kabla havijasaini upya. Na tutaanza kuhama. Mjiandae kutukabidhi nyaraka zote katika ODF, muundo huria wa nyaraka ambao ni kiwango cha kimataifa ISO/IEC 26300 tangu 2006, kalenda katika iCalendar, barua pepe katika mbox, zikiambatana na maoni ya pembeni, historia ya matoleo na orodha ya ruhusa za kila faili. Tasnifu isiyo na maoni ya msimamizi wake si nakala kamili, na hatutaipokea kama nakala kamili.

Majibu yaje kwa maandishi, kutoka kwako. Kikao kingine cha mtandaoni na ninyi hatuhudhurii.

Wako katika kazi,

Msimamizi Mkuu wa Mifumo
Kwa niaba ya Kurugenzi ya Masomo ya Uzamili na Uzamivu

Nakala: Mwenyekiti wa Jopo, Mwanasheria wa Chuo, Afisa Ulinzi wa Taarifa