Vocha ndogo inunue kitabu kitakachosomwa tena

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo linaloonekana dogo, lakini huwatatiza wasomaji wengi, hasa vijana wanaotunukiwa vocha ya duka la vitabu baada ya kufaulu mtihani au kushinda shindano la insha. Je, vocha ambayo thamani yake inatosha kitabu kimoja kizuri, au viwili vitatu vya bei ya chini, itumiwe kununulia nini?

Zawadi ya namna hii si ya jana. Nchini Uingereza vocha za vitabu zilianza kuuzwa mwaka 1932, kutokana na wazo la mchapishaji Harold Raymond, aliyeona kwamba watu wengi walisita kuzawadiana vitabu kwa kuchelea kumpa mtu kitabu asichokipenda au alichokwisha kuwa nacho. Kwa hiyo anayetoa vocha humkabidhi mpokeaji haki ya kuchagua, na haki hiyo ndiyo zawadi yenyewe. Ndiyo maana husikitika ninapoona wazazi wakiichukua vocha ya mtoto na kumnunulia kitabu cha kiada ambacho wangepaswa kumnunulia kwa vyovyote vile. Mtoto aliyeshinda kwa jasho lake na kurudi nyumbani na kitabu cha mazoezi ya hesabu ambacho hakukichagua amenyang'anywa tuzo yake, hata kama nia ya mzazi ni njema.

Maoni yangu ni kwamba vocha ndogo inunue kitabu kimoja ambacho mwenyewe atakirudia, na ambacho hawezi kukipata kwa urahisi kwa njia nyingine. Riwaya ambayo mtu ataisoma mara moja na kuiweka kando ni afadhali aiazime maktaba. Vivyo hivyo, kazi za waandishi wa zamani ambazo hakimiliki yake imekwisha hupatikana bure kwenye intaneti. Mradi wa Project Gutenberg, ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, una makumi ya maelfu ya vitabu vya aina hiyo. Kulipia nakala ya kawaida ya kazi kama hizo hakuna faida kubwa, isipokuwa kama toleo hilo lina maelezo ya mhariri mwenye ujuzi au tafsiri mpya, au kama msomaji hana kifaa cha kusomea, au macho yake huchoka mbele ya skrini.

Diwani ya mashairi, kwa upande mwingine, ni ununuzi ninaoutetea kwa moyo wote, kwa sababu shairi halimalizwi kwa kusomwa mara moja, na beti zilizompita mtu akiwa na miaka kumi na mitano humfungukia akiwa na thelathini. Kamusi nzuri nayo hutumika miaka mingi, ila mnunuzi atazame kwanza mwaka wa toleo katika ukurasa wa hakimiliki, asije akauziwa toleo la zamani ilhali jipya limekwisha kutoka. Kila toleo huwa na namba yake ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kulitambulisha, ambayo tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13. Anayeinakili namba hiyo anaweza kulinganisha bei za maduka mbalimbali akiwa na hakika kwamba anazungumzia kitabu kilekile. Afungue pia ukurasa wa katikati na kuusoma wote, maana kurasa za mwanzo ndizo ambazo kila mwandishi huzipamba, na aangalie kama karatasi zimeshonwa au zimegundishwa tu kwa gundi, kwa kuwa kitabu cha kurudiwa hufunguliwa mara nyingi.

Masharti ya vocha yasomwe kabla ya kwenda dukani. Nyingine zina tarehe ya mwisho, nyingine hazirudishi chenji, na nyingine hazikubaliki kwa ununuzi wa mtandaoni. Sioni ubaya mtu kuongeza fedha kidogo za mfukoni ili apate kitabu alichokitamani kwa muda mrefu. Ubaya ni kuongeza fedha kwa ajili ya kitabu cha pili ambacho hakuwahi kukifikiria hadi alipokiona rafuni.

Hapo, Mhariri, ndipo gazeti lako linapoweza kutusaidia. Mapitio ya vitabu unayochapisha hueleza vizuri maudhui, lakini mara nyingi hayataji mwaka wa toleo, idadi ya kurasa, namba ya ISBN wala aina ya jalada. Naomba maelezo hayo yawekwe mwishoni mwa kila pitio, pamoja na bei pale inapojulikana, ili mwenye vocha ndogo aingie dukani akijua anachokitafuta.

Wako mtiifu,
Msomaji wa gazeti hili