Barua ya malalamiko: mmeyeyusha wachezaji wa marehemu baba yangu

Lubumbashi, tarehe 14 Oktoba

Kwa Bwana Direkta

Kuhusu: sanamu ndogo 14 za wachezaji wa mpira mlizopokea ili kuzitoa rangi ya zamani, 11 zimeharibika kabisa

Bwana Direkta,

Nakuandikia kwa heshima. Naomba uipokee heshima hiyo hapa mwanzoni, maana sijui kama nitaweza kuishikilia mpaka mwisho wa barua.

Kanuni zenu za kupokea kazi ya mteja mmezibandika wenyewe ukutani, sitazirudia. Naingia moja kwa moja kwenye asubuhi ya Jumamosi.

Nilifika, nikatoa fakture yangu, ile ankara yenu. Kijana wenu wa kaunta akaenda nyuma, akarudi na mfuko mweusi wa plastiki uliopigwa fundo. Sikuelewa mfuko ni wa nini, kwa sababu mimi niliwaletea sanamu hizo ndani ya sanduku la mbao, kila moja imeviringishwa pamba. Akafungua fundo, akamwaga. Likatoka bonge la kijivu, kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya karai la maji. Mguu unachomoza huku, kichwa kule, mkono umenasa kwenye mgongo wa mwingine. Zile tatu za risasi, ile metali laini nzito, zikabiringika kando, zimetakata, hazina hata alama ya rangi. Nikauliza, hiki ni nini? Akanijibu mbele ya wateja wote: "Papa muzima unalilia badoli? Ende ku soko, biko mingi." Badoli, yaani wanasesere! Watu wakacheka.

Bwana Direkta, ku soko haziko. Baba yangu alizipata akiwa kijana, na ndizo zilizokuwa timu yetu ya mpira wa mezani hapa Kamalondo. Alitusimulia Englebert, jina la zamani la Mazembe, ya 1967 na 1968, vikombe viwili vya Afrika mfululizo, huku akizisogeza kwa ncha ya kidole. Kila alipobadilisha timu alipaka rangi juu ya rangi, na sisi watoto tukapaka juu ya zake. Sanamu yenye urefu wa pingili mbili za kidole haiwezi kubeba matabaka manne ya rangi ya mafuta. Pua ilikuwa imezama, vidole vimeshikana, mikunjo ya jezi imejaa. Kupaka tena juu yake ni kuzidi kuwazika. Nilitaka rangi yote itoke mpaka kwenye plastiki yenyewe, ndipo niwavike nyeusi na nyeupe za Mazembe, wajukuu wazikute zina sura.

Mama aliyenipokea siku ile ya kwanza sina neno naye. Aliandika vizuri kwenye fakture: plastiki 11, risasi 3. Nilimwambia, na nikarudia, kwamba zile za plastiki ni polistireni, zisiguswe na asetoni wala diluanti ya kuyeyushia rangi. Akaandika na hilo pia, karatasi ninayo. Kwa hiyo kosa halikuwa la kutojua. Mtu wa nyuma hakusoma, au alisoma akapuuza, akatumbukiza zote kumi na nne kwenye chombo kimoja.

Mtaniuliza najuaje ilikuwa asetoni. Bonge lilinuka asetoni, harufu ileile ya dawa ambayo dada zetu hutumia kutoa rangi ya kucha, na hakuna mtu wa mji huu asiyeijua. Tena risasi haidhuriki kwa asetoni, plastiki hii inayeyuka. Zile tatu zilizotoka salama ndizo mashahidi wangu. Kama bado mnabisha, chukueni kipande cha ile povu nyeupe inayofungiwa televisheni mpya, mkidondoshee asetoni, mtazame kinavyonywea. Hiyo nayo ni polistireni.

Na kazi yenyewe si siri. Rangi ya akriliki, ile ya kuchanganya na maji, hulainika kwenye alkooli ya izopropili, spiriti ya kusafishia, ukiiloweka kwa saa kadhaa na kuisugua kwa mswaki laini. Rangi ya mafuta ya miaka mingi ni kaidi zaidi, lakini mafuta ya breki, haya yanayouzwa kwa kila fundi wa magari, huifanya ifure na kubanduka bila kuila plastiki ya aina hii. Soda kostike, ile inayounguza ngozi, nayo inaweza, kwa mtu aliyevaa glavu na miwani. Tena unaanza na sanamu moja tu, ile mbovu kuliko zote, unaiacha usiku kucha na kuitazama asubuhi kabla ya kugusa ya pili. Moja! Mngeanza na moja, leo ningekuwa nimempoteza mchezaji mmoja.

Sikuifanya mwenyewe nyumbani kwa sababu nina wajukuu wadogo. Sikutaka soda kostike iwe karibu nao, na rangi ya zamani kama ile inaweza kuwa na risasi ndani yake, si ya kukwangua mahali watoto wanapolala. Ndiyo maana niliwalipa ninyi dola 35, kabla ya kazi, bila kuomba mpunguze.

Narudi kwenye Jumamosi, kwa sababu sijaieleza yote. Alipomwaga ule mfuko, kijana wenu hakuligusa lile bonge kwa mkono. Alilisukuma kwangu kwa ncha ya biki, kama mtu anayesukuma panya aliyekufa. Niliinama kuangalia kama kuna hata mmoja anayeweza kuokolewa, nikamtambua golikipa kwa mikono yake iliyoinuliwa, na machozi yakanitoka, sioni haya kulisema. Hapo ndipo aliponiambia, "Papa muzima unalilia badoli?" Na shefu wenu wa depo, mkubwa wake kazini, alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni. Aliona, alisikia, akageuka akaingia ndani. Mimi nina miaka 61. Kijana yule angeweza kuwa mtoto wangu wa mwisho. Nilikusanya vipande peke yangu, nikarudisha kwenye mfuko, na hakuna aliyenipa hata sanduku langu. Mpaka leo sanduku la baba liko kwenu!

Nilipokaa kuandika nilitaka jambo moja tu, mnirudishie dola 35. Sasa nimeandika mpaka hapa na naona hizo hazitoshi. Nataka dola 35. Nataka sanduku, na pamba yake. Nataka mnitafutie timu nzima ya wachezaji 11 wa aina ile na wa zama zile, kwa gharama yenu, popote zinapouzwa, hata kama ni Ubelgiji. Nataka kijana yule na shefu wa depo waniombe msamaha kwenye kaunta ileile, mchana, mbele ya wateja, kwa sauti ileile iliyotumika kunicheka.

Nawapa siku nane tangu mnapopokea barua hii. Siku ya tisa nitakuwa mahakama ya amani. Kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria za madai kinasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuilipa, na kifungu cha 260 kinambebesha mwajiri makosa ya mtumishi wake akiwa kazini. Kwa hiyo msinitumie jibu la kusema kijana ameshafukuzwa. Simtafuti kijana kwanza, nawatafuta ninyi. Nakala ya fakture nimeambatisha, na picha mbili.

Bonge lenyewe halitoki nyumbani kwangu. Nimelifunika kwa kitambaa juu ya kabati, na siku ya kesi nitalibeba mwenyewe nilimwage juu ya meza ya hakimu, namna mlivyonimwagia mimi.

Kwa heshima iliyobaki,

Mteja wenu wa Kamalondo