Kidonda cha mfupa na vidonge vya kubahatisha

Mhariri,

Mdogo wangu alivunjika muundi alipoanguka na bodaboda katika Barabara ya Jogoo. Alitiwa vyuma, jeraha likafunga, na baada ya miezi minne kikafunguka kitundu kisichozidi punje ya dengu, ambacho hutoa usaha, hukauka, kisha hutoa tena. Kwa mwaka mzima tulimnunulia antibiotiki katika maduka ya dawa hapa Kayole, vidonge kumi leo, kumi na vitano mwezi ujao, kila mara katika bahasha ya kaki iliyoandikwa "1x3", bila ya yeyote kuuliza ni bakteria gani tunayepigana naye.

Wauzaji husema "dawa imekataa", na kuna ukweli ndani yake: bakteria aitwaye Stafilokokasi, anayeongoza kwa kuambukiza mifupa, ana aina iliyobainika tangu 1961 kuwa sugu kwa methisilini (antibiotiki ya jamii ya penisilini), na aina hiyo haisikii amoksilini wala dawa nyingi za jamii hiyo. Hata hivyo, bakteria asiye sugu naye huponyoka mfupani, kwa kuwa mfupa uliokufa hauna mishipa ya damu ya kuifikisha dawa, na juu ya chuma bakteria hujifunika utando wenye utelezi kama ule wa mawe ya mtoni. Hapo kidonge hupunguza usaha tu, na waliosalia huzidi kuizoea dawa.

Sharti mfupa uliokufa ukwanguliwe na daktari wa upasuaji, na vipande vyake vioteshwe maabara ili bakteria ajulikane (usaha wa juu ya ngozi mara nyingi hudanganya), ndipo dawa ichaguliwe na kutumiwa kwa takriban wiki sita. Sivilaumu vidonge vyenyewe. Utafiti wa OVIVA wa Uingereza, uliochapishwa 2019 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 1,000, ulionyesha kwamba vikichaguliwa vyema havishindwi na dawa ya kudungwa kwenye mshipa wa damu.

Naiomba Kaunti ya Nairobi ipunguze gharama ya kipimo hicho katika hospitali zake, na Bodi ya Dawa na Sumu ikomeshe uuzaji wa antibiotiki bila cheti cha daktari. Daktari aliyemwona mdogo wangu juzi amemwagiza akae wiki mbili bila antibiotiki kabla ya kukatwa kipande cha mfupa. Muuzaji wetu wa mtaani alipoambiwa, alicheka, akafungua droo ya bahasha.

Msomaji wako,
Kayole, Nairobi